Bado Sijafika, Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Mtu mwenye kipaji asipojiandikia ataandikiwa na wengine, na wengine hukosea.

Kwanza mambo ya juzi, Jumamosi. Bendi yetu ilipiga ukumbini kama kawaida, saa kumi alasiri hadi magharibi. Mimi kwenye dramu. Mwalimu kwenye gitaa. Ndiye kiongozi wetu. Alifundisha hesabu miaka thelathini, na mpaka leo hututazama kana kwamba tumesahau madaftari nyumbani. Fundi Friji kwenye besi. Hutengeneza majokofu, na huongea mara mbili kwa mwezi. Kati ya wimbo na wimbo husimama Shemeji, mdogo wake mke wangu, anatangaza na kuchekesha watu. Siku za kazi yuko mapokezi, zahanati.

Juzi alisimulia hivi. Mwanamume kafika zahanati alfajiri, mlango haujafunguliwa. Shemeji akamwuliza anaumwa wapi. Akajibu haumwi popote. Hapo Shemeji akanyamaza. Akatazama kucha zake. Ukumbi mzima kimya, hata watoto. Kisha akamalizia: "Nawahi foleni."

Nikagonga. Dudum-chwaa! Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja wa mstari wa mbele alimwaga soda.

Sasa swali. Kicheko kilikuja baada ya nini? Baada ya ngoma! Nimechunguza jambo hili kwa makini. Maneno, kimya, ngoma, kicheko. Kila mara, kwa mpangilio huo huo. Basi anayechekesha watu ni mimi. Shemeji ananifungulia mlango tu.

Mwalimu kasema Jumamosi ya tarehe 15 watu wa redio watakuja. Shughuli nzima itakwenda hewani moja kwa moja. Wakituridhia, tutapiga studio kila Ijumaa, nchi nzima inasikia. Akasema kipaza sauti atashika Shemeji. Wote wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyenitazama mimi.

Nitakishika mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekijaribu kichekesho cha foleni kazini. Mimi ni kinyozi, nina viti viwili na kioo kirefu. Nimekiboresha kidogo. Shemeji huficha jambo lenyewe hadi mwisho, watu wanahangaika bure. Mimi nikaanza nalo: kuna mtu alikwenda zahanati kuwahi foleni ingawa haumwi, akaulizwa anaumwa wapi, akasema haumwi. Safi. Hakuna anayeachwa nyuma.

Mteja wa kwanza, mpima ardhi, alicheka. Alicheka taratibu, bila kutikisa kichwa hata kidogo, macho yamekaza kwenye kioo. Wembe ulikuwa shingoni mwake. Wa pili naye alicheka vile vile. Wa tatu nilikuwa nimeshamaliza kumnyoa, amesimama, anajifuta shingo. Hakucheka. Nimegundua siri: watu hucheka zaidi wakiwa wamekaa.

Jioni nikamsimulia mke wangu. Akaacha kukunja nguo, akanisikiliza hadi mwisho. Akasubiri. Akauliza, "Halafu?" Nikamwambia imeisha. Akasema ahaa. Akaendelea na mashuka.

Mama mkwe alikuwepo pia, anashona kifungo. Huyo hatumhesabu. Yuko kwetu tangu baba mkwe afariki, na tangu siku ile hajacheka. Hata kutabasamu hapana. Ukimsalimu anaitika, ukimwuliza anajibu ndiyo au siyo, basi. Mke wangu na Shemeji wamejaribu kila njia, wamechoka. Mimi ninamheshimu sana. Mkwe ni mkwe, hatuna utani.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi, kwenye karakana ya Fundi Friji, katikati ya majokofu yaliyofunguliwa matumbo. Nilimwomba Mwalimu anijaribu. Nilimwambia bendi kubwa zote zina watangazaji wawili. Hakuniamini, lakini alinipa dakika tano.

Nilisimulia cha foleni, nikiwa nimekaa kwenye dramu ili nijigongee mwenyewe. Nikafika mahali pa kunyamaza. Nikanyamaza! Ila mkono ulitangulia. Nikasema "haumwi popote", dudum-chwaa, halafu ndipo nikasema "anawahi foleni". Kimya. Jokofu moja likaanza kunguruma.

Nikarudia. Dudum-chwaa ikatangulia tena. Nikarudia mara ya tatu, safari hii mkono mmoja nimeukalia. Nikagonga kwa mguu.

Fundi Friji akafungua mdomo. Nilishtuka, kwa sababu mwezi huu alikuwa ameshaongea mara moja. Akasema nakimbia pale kama ninavyokimbia kwenye wimbo wa tatu.

Nieleze. Wimbo wetu wa tatu una pengo. Kabla kiitikio hakijarudi, vyombo vyote vinanyamaza, mapigo manne kamili. Wachezaji wanatakiwa wabaki na mguu mmoja hewani wakisubiri. Mwalimu kautunga hivyo. Mimi huwa nalijaza pengo lile kwa ngoma, grrrrum, kwa sababu kimya katikati ya wimbo kinaonekana kama umeme umekatika.

Mwalimu akasema Fundi kasema kweli, ni ugonjwa mmoja. Akasema kimya nacho kinapigwa, kama noti nyingine yoyote. Akasema mtu mwenye mguu hewani na mtu anayengoja neno la mwisho ni mtu yule yule, unamshika mkono kidogo, halafu unamwachia. Ukimwachia mapema hajashikwa bado. Akaniuliza naogopa nini.

Siogopi kitu. Ni wivu tu, umewajaa.

Wakati wa kuondoka niliazima kipimamwendo cha Mwalimu, kile kisanduku cha mbao chenye mshale unaokwenda ti, ti, ti. Yeye hajui kama kaniazima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekiweka kipimamwendo kazini, mbele ya kioo. Nataka mwendo uniingie damuni.

Umeniingia. Nimemnyoa dereva wa lori kwa mapigo mia na ishirini kwa dakika. Aliniuliza mbona nakimbia, nikamwambia atulie, nafanya mazoezi. Katoka na mstari mweupe kutoka sikioni hadi utosini. Hakuaga.

Nimepima pia kunyamaza kwa Shemeji, kwa kumbukumbu. Sekunde mbili na robo. Hiyo ndiyo siri yake yote! Nikamjaribu muuza magazeti. Nikasema "haumwi popote", nikanyamaza, nikawa nahesabu moyoni. Kwenye sekunde ya pili muuza magazeti akasema pole sana, hata shangazi yake yuko hivyo hivyo, madaktari hawauoni ugonjwa. Akanieleza habari za shangazi robo saa nzima.

Nimebadili mpango. Kama mimi sipandi, basi yeye ashuke. Kesho ukumbini ngoma iko mikononi mwa nani?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka kabla ya chakula, mambo yangali ya moto.

Mpango ulikuwa hivi: kichekesho cha kwanza nigonge mapema, cha pili nigonge kwa kuchelewa, cha tatu nisigonge kabisa. Shemeji ataanguka, Mwalimu ataona.

Cha kwanza. Shemeji akasema, "Shemeji yangu mnamwona pale, ni kinyozi. Hunyoa vizuri sana." Nikagonga hapo hapo. Dudum-chwaa! Alikuwa hajamaliza. Akageuka taratibu. Akanitazama. Akanitazama tena. Sijawahi kutazamwa kwa muda mrefu vile, hata siku ya ndoa. Watu wakaanza kucheka chini chini. Akasema, "Bado sijafika, shemeji." Ukumbi ukalipuka. Akasubiri kicheko kishuke hadi karibu na sakafu, ndipo akamalizia: "Upande mmoja."

Dereva wa lori alikuwepo. Alisimama akazunguka, watu wamwone kichwa.

Cha pili nikachelewa kwa makusudi. Nilichelewa mno, akawa ameshaingia kwenye matangazo ya kawaida, kwamba gari jeupe limeziba mlango wa nyuma, mwenyewe alisogeze. Dudum-chwaa! Watu wakacheka tangazo la gari! Shemeji akasema, "Mwenye gari umesikia? Hata ngoma imekasirika."

Cha tatu nikakunja mikono. Akafika mwisho, akangoja. Hakuna kitu. Akaja hadi kwangu kwa hatua za kuhesabu, akachukua kijiti mikononi mwangu, akagusa toazi kwa ncha. Chwii. Sauti ndogo kama kijiko kimeanguka jirani. Mwanamume mmoja alitolewa nje apate hewa.

Mambo yote matatu yameharibika. Au yamefaulu? Sielewi.

Jumapili, 9 Machi

Yamefaulu. Watu watano wamenisimamisha njiani leo kunipongeza. Wamesema sisi wawili tumepangana vizuri, wameuliza tumefanya mazoezi muda gani. Nikasema miezi.

Shemeji alikuja mchana kula kwetu. Nilitegemea ugomvi. Badala yake akasema, "Shemeji, jana ulinipa mipira mizuri. Uniharibie hivyo hivyo tarehe 15." Akacheka, akanigonga bega. Nikamwambia nitalifikiria.

Nikamwuliza alijifunzia wapi kunyamaza. Akasema mezani kwao, utotoni. Baba yao alikuwa na hadithi ndefu, anazunguka, anapotea, anarudi mwanzo. Mama yao ametulia tu anamenya viazi. Mwishoni kabisa, mama anatia neno moja. Moja tu. Meza nzima inalala kwa kicheko. Akasema yeye ukumbini anamwiga mama, hana lake.

Tukamtazama mama mkwe. Alikuwa dirishani, anaangalia nguo kwenye kamba. Mke wangu akasema polepole kwamba sauti ile hajaisikia siku nyingi. Shemeji akasema atambembeleza aje ukumbini siku ya redio. Akija akacheka hata mara moja, basi redio watuchukue au wasituchukue, kwake ni sawa.

Maneno mazuri. Lakini mtu asiyejali redio anapewaje kipaza sauti?

Jumanne, 11 Machi

Nimechora jedwali la makosa ya kufanya tarehe 15. Kosa la kwanza, wimbo wa pili, sekunde mbili na robo. Kosa la pili, na kadhalika, hadi kumi na moja. Nikampelekea Shemeji zahanati. Wagonjwa walingoja tukifanya mazoezi dirishani. Nikagonga meza mapema, akanitazama. Hakuna aliyecheka. Tukarudia. Akanitazama kama kawaida, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Akaniambia kwa upole niache kupanga. Jumamosi nilikuwa nataka kweli kumharibia, akasema, ndiyo maana ikanoga. Kumbe alijua! Alijua wakati wote! Akasema tena na tena kwamba hana kinyongo, ila nisihesabu, nisikilize. Nikamwuliza nisikilize nini. Akasema watu. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa bandeji akasema ndiyo, na sisi tusikilizwe, tuko hapa tangu saa moja.

Basi, kila mtu na njia yake. Nimeandika vichekesho vitatu vyangu mwenyewe. Cha tatu kinamhusu mama mkwe, kwamba alikuja kukaa siku mbili, sasa ni mwezi wa nane. Nilikijaribu kwa mpima ardhi, akacheka sana, na siku hiyo wembe ulikuwa mezani!

Mke wangu akaikuta karatasi mfukoni mwa shati. Hakupaza sauti. Akipaza sauti huwa naona nafuu. Akasema, "Mengine yote sawa. Mama usimguse." Nikaahidi.

Ahadi ilitolewa nyumbani. Ukumbini ni mahali pengine.

Ijumaa, 14 Machi

Kila kitu tayari.

Nimempitia Shemeji kazini, nikamwambia watu wa redio wamechelewa na mitambo yao, shughuli itaanza saa kumi na moja, si saa kumi. Akashukuru. Akasema afadhali, mama amekubali kuja, na kumwandaa kunataka muda. Ni mara ya kwanza anatoka nyumbani tangu msiba, ukiacha kliniki. Amechagua mwenyewe nguo ya kuvaa. Alipokuwa ananieleza macho yake yaling'aa.

Nilihisi kitu kikinibana kifuani. Nadhani ni mkanda wa suruali.

Kisha nikampitia Mwalimu. Nikamwambia Shemeji amepatwa na homa, sauti imekauka kabisa, kanituma nimshikie nafasi. Mwalimu akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi walionakili. Akaniuliza mara mbili. Nikajibu mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akasema kama ni hivyo hatuna la kufanya.

Saa moja nzima ya mimi peke yangu. Shemeji akifika saa kumi na moja atakuta watu wa redio wameninyanyua mabegani.

Jumapili, 16 Machi

Jana sikuweza kuandika.

Saa kumi kamili taa nyekundu ya redio ikawaka. Mtayarishaji wa redio, dada mmoja mwenye vifaa masikioni, akaninyooshea kidole. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Tukapiga wimbo wa kwanza, nikasogea kwenye kipaza sauti, nikaanza na kile cha foleni.

Nilisema "haumwi popote". Nikanyamaza. Nikahesabu moja, mbili, na robo. Nimeambiwa baadaye kwamba nilihesabu kwa sauti, na nchi nzima ilisikia robo.

Halafu ngoma. Hapo palikuwa na jambo ambalo sikulipangia. Kipaza sauti kiko mbele, dramu iko nyuma. Hatua nane. Nikasema "anawahi foleni", nikakimbia hatua nane, dudum-chwaa, nikakimbia hatua nane kurudi. Nikafika nahema. Mtu mmoja akakohoa. Ndicho kitu kikubwa nilichokipata.

Kichekesho cha pili sitaki kukikumbuka. Nilikimbia mara mbili. Mtayarishaji alikuwa anazungusha kidole hewani, haraka, haraka, na mimi nikadhani anasema nizunguke. Nikazunguka. Mwalimu alikuwa ameinamia gitaa kama mtu anayesali. Jasho likaniingia machoni. Nikaona hapana, lazima nitoe cha tatu.

Nikasema, "Mama mkwe wangu alikuja kwetu kukaa siku mbili."

Nikanyamaza. Moja. Mlango wa nyuma ukalia, kwiii. Watu wakageuka. Mimi macho yangu yako kwenye taa nyekundu. Mbili. Watu wakaanza kucheka! Kwanza nyuma, halafu katikati, kicheko kinakuja kama maji. Nikajua nimewapata! Nikajaza kifua hewa.

"Leo ni mwezi wa nane!"

Kutoka mlangoni ikaja sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayerekebisha tarehe kwenye fomu.

"Wa tisa."

Sijawahi kusikia kicheko kile. Kilikuwa kizito, kilitikisa matoazi yangu hatua nane nyuma. Mtayarishaji alivua vifaa vya masikioni. Fundi Friji aliilaza besi chini, akainama juu yake. Na kumbuka jambo hili: hakuna aliyegonga ngoma. Sijui kicheko kilitoka wapi. Nafikiri mwangwi.

Mkwe wangu! Mbele za watu! Hewani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ya ukumbi ule ni saruji. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la buluu, mkoba ameushika kwa mikono miwili, mke wangu huku, Shemeji huku. Nilikuwa nimesahau jambo moja la wazi kabisa: mama mkwe hufika kila mahali robo tatu ya saa kabla. Kliniki, misibani, kila mahali. Umwambie kumi na moja, kumi na robo yuko mlangoni.

Akanitazama. Mdomo wake ukacheza kidogo, nikadhani anataka kukohoa. Hakikuwa kikohozi. Kilianza puani. Kikashuka mabegani. Kisha akashika kiti cha mwisho, akacheka kwa sauti, kicheko kikavu kikavu kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, na kila akijaribu kukizuia kinamrudia. Mke wangu alifunika mdomo kwa mkono. Shemeji alikuwa analia na kucheka, huwezi kujua lipi ni lipi. Watu wa mstari wa mbele hawakujua kitu, walicheka tu. Wa nyuma waliomfahamu walianza kupiga makofi.

Shemeji akapanda jukwaani. Akachukua kipaza sauti mkononi mwangu bila kunitazama. Akangoja hadi watu wakachoka. Akasema, "Mimi niliambiwa saa kumi na moja." Ndipo akanitazama. Basi, kicheko kikaanza upya.

Nikarudi kwenye dramu. Mwalimu akaanzisha wimbo wa tatu. Tulipofika kwenye pengo nilikuwa bado nawaza adhabu yangu, nikasahau kulijaza. Vyombo vyote kimya. Mapigo manne. Ukumbi mzima umesimama mguu mmoja hewani, wazee kwa vijana, na katikati ya kimya kile kicheko cha mama mkwe peke yake. Halafu kiitikio kikaanguka, na miguu yote ikashuka pamoja. Mwalimu akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia. Kanielewa vibaya. Nilikuwa nimesahau tu.

Nyumbani mke wangu hakunisemesha. Alipanga sahani kwa sauti. Mama mkwe akaniita. Nikaenda, nimeinamisha kichwa, nikasema, "Mama, nisamehe. Nimekukosea heshima." Akasema, "Kaa."

Nikakaa. Kisha akasema marehemu alikuwa hivyo hivyo. Hadithi zake zilikuwa mbaya, mbaya kuliko zangu. Alianzia mwisho, alisahau katikati. Akasema, "Miaka thelathini na minane, watu walidhani yeye ndiye anayechekesha. Hata mwenyewe alidhani."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia. Akasema, "Ningemalizia nini?"

Akashika kifungo alichokuwa anashona, akakigeuza geuza. Akasema tangu afariki nyumba imejaa watu wenye adabu wanaosema maneno yenye maana. Mtu hana pa kuingilia. Halafu akaniambia niende nikalale, na kesho nimletee kingine.

Mke wangu alikuwa amesimama koridoni. Alinishika mkono. Aliushika muda mrefu.

Jumatatu, 17 Machi

Redio wametuchukua! Mtayarishaji kampigia Mwalimu simu asubuhi na mapema. Wanataka bendi, wanataka Shemeji atangaze, na wanataka mama mkwe awekewe kiti na kipaza sauti chake. Mwalimu akauliza kuhusu mimi. Mtayarishaji akauliza mimi ni yupi. Akaelezwa. Akasema ooh, huyo lazima, huyo asikose, aseme chochote tu, bibi atammalizia.

Aseme chochote! Maana yake nimeachiwa uwanja. Mimi ndiye nguzo, wao ni wasaidizi. Nilivyotabiri tarehe 3.

Nimekaa nikaichambua Jumamosi kitaalamu. Kilichofanya kazi ni sekunde zangu mbili. Bila zile sekunde mbili mama mkwe angeingia mlangoni kama mtu yeyote anayeingia mlangoni. Nilimtengenezea nafasi, naye kwa bahati akaitumia. Lakini bahati haitoshi kwa nchi nzima kila Ijumaa. Lazima afundishwe. Na lile pengo la wimbo wa tatu, ambalo nililiacha tupu kwa aibu kubwa, Ijumaa nitalijaza mara mbili kufidia.

Leo chai ya asubuhi nikampa somo la kwanza. Wote walikuwepo. Shemeji alipitia kabla ya kwenda kazini. Nilisimama. Nikamweleza mama mkwe kwa heshima zote kwamba Jumamosi alifanya vizuri kwa mtu asiye na mafunzo, ila "wa tisa" ilikuja mapema kidogo. Nikamwonyesha kwa mkono jinsi ya kuhesabu. Nikamweleza habari za robo. Nikamwambia asiogope, mimi nitakuwepo kumwongoza, ishara zote zitoke kwangu. Nilieleza vizuri sana, kama dakika kumi. Kisha nikamwuliza kama ameelewa.

Mama mkwe akakoroga chai yake.

Akaendelea kukoroga. Akatoa kijiko. Akakiweka kwenye kisahani, polepole, kisilie. Akaninyanyulia macho. Mimi nangoja. Hajibu. Nangoja.

Mke wangu akaanza, akajificha kwenye kanga. Shemeji akaweka kikombe chini kwa sababu kilikuwa kinamwagika. Wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hata sijui walicheka nini. Hakuna aliyesema neno!

Nimeandika kwenye jedwali: ana kipaji, lakini huchelewa kujibu. Kesho tuanzie hapo.